Kigoda Kimoja, Mikoba Thelathini na Miwili

Mwalimu Joyce ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili yenu mnaobaki karakanani, "chochote tu, Mwalimu, kuhusu uzoefu." Uzoefu, nimegundua, ni jina la heshima analopewa mtu aliyekosea mara nyingi na bado akaachwa kazini. Basi nitaandika. Vyeo na madaraja nayaacha. Anayetaka kuyajua akaulize ofisini, wanayo yote, pamoja na mengine ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyaona.

Nilianza kazi shule ya msingi huko Kaniha, Biharamulo, nikiwa na sanduku la bati na shati jeupe moja. Nilipangiwa hisabati na kazi za mikono. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya darasa nikatoa hotuba ndefu juu ya umuhimu wa elimu, kwa Kiswahili cha chuoni ambacho nusu ya watoto wale, Wasubi na Wasukuma wadogo, walikuwa wanakisikia kama redio. Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Nilipouliza nani ana swali, mmoja akanyoosha mkono akaomba ruhusa ya kwenda kufukuza ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya shule. Darasa zima likaenda kumsaidia, na somo likaishia hapo.

Aliyenipokea ni Mwalimu Leokadia, mwanamke mfupi na mkali, aliyekuwa anafundisha kazi za mikono tangu shule ile haijawekewa madirisha. Hakutupa kazi ya mwanafunzi hata siku moja. Kila mtoto alikuwa na mfuko wake wa saruji, umekung'utwa vumbi na kuandikwa jina kwa mkaa, unaning'inia kwenye msumari ukuta wa nyuma. Mle mlikaa mkeka wa kwanza uliopinda, mwiko uliopasuka, mpini usioingia kwenye jembe, na vyote vilivyofuata mpaka kile kilichokaa sawasawa. Mzazi akija kuuliza maendeleo, Leokadia hakutaja alama. Alimmwagia mfuko sakafuni na kuanza na kile kibaya. Wazazi hawakupenda hata kidogo, maana kwetu mtu akija kukutembelea unamtandikia kilicho bora, na kama huna, unaazima kwa jirani. Yeye alijibu kwamba mzazi si mgeni, ni mwenye mali.

Nilipohamishwa alinikabidhi bahasha. Nikadhani ni barua ya kunisifu, nikaifungua njiani kwa furaha. Kumbe ni andalio langu la kwanza la somo, limejaa wino wake mwekundu toka juu mpaka chini. Nilimkasirikia mpaka nilipofika Ngara. Baadaye nilisikia mchwa waliila ile mifuko yote likizo moja, ikawa ndiyo mara yangu ya kwanza kujua kwamba kumbukumbu zinaweza kupotea kwa pamoja bila umeme kukatika.

Ngara nilipewa karakana ya useremala katika chuo chetu cha ufundi. Vifaa: jiriwa moja ya kubania mbao, misumeno minne, randa tatu ambazo moja haikuwa na kisu lakini ilihesabiwa kila mwaka kwa uaminifu. Nawasihi mnaobaki: guni, kipimo chenu cha pembe mraba, ni rafiki yenu kuliko mkuu wa chuo. Mbao ya mkaratusi msiiamini mpaka ikauke, na hata ikikauka msiiamini sana. Mwanafunzi akiwaambia "nimepima kwa macho", mpeni macho yake kazi ya kufagia. Miaka mingi nilifundisha hivyo, kazi zikauzwa au zikawashiwa moto wa chai, na hakuna aliyetuuliza ushahidi wa chochote.

Kisha ukaja mradi. Mradi ulileta vishikwambi sita, kabati la kuvifungia, kufuli la kabati, na Mwalimu Joyce, msichana wa kompyuta aliyekuwa bado anaita watu wote "mkuu" kwa kutojua nani ni mkuu. Kila mwanafunzi, tukaambiwa, atakuwa na mkoba wa kazi wa kielektroniki: picha za alichotengeneza, maelezo yake, tafakuri yake, na maoni ya mwalimu. Jopo la mradi, ambalo lingetuona kwa skrini tu, lingepitia mikoba yote na kuchagua mwanafunzi mmoja kutoka kila chuo, aende mwaka mzima kusomea samani katika chuo kikubwa, kwa gharama za mradi.

Semina ilikuwa ya siku mbili na chai yake ilikuwa nzuri. Mkufunzi alifundisha vizuri pia, lazima niseme ukweli. Alisema kabla ya kugusa kishikwambi kaeni na mwanafunzi mpange: mkoba huu ni wa nini, nani atausoma, utaonyesha safari gani. Pigeni picha ya kila hatua, hasa pale kazi ilipoharibika. Tafakuri aandike mwenyewe, kwa maneno yake. Alirudia neno hatua mpaka likachoka. Mimi niliandika yote kwenye daftari na kuyapigia mstari kwa rula. Kupigia mstari ni njia ya uhakika ya kusahau. Nawaambia kwa uzoefu.

Tuliporudi karakanani kazi ikaanza kwa kasi ya konokono. Mtandao ulipatikana sehemu moja tu, kwenye mlango wa stoo, tena ukisimama juu ya rundo la maranda. Wanafunzi walisahau nywila zao kila Jumatatu, kwa hiyo tuliziandika zote ukutani kwa chaki, na usalama wa taarifa ukalindwa na mlango kufungwa saa kumi. Kuhusu tafakuri, niliona wanafunzi wanatafuna kalamu tu, nikawahurumia. Nikaandika ubaoni: "Nimejifunza mengi na nitaendelea kujituma." Wote thelathini na wawili wakanakili. Joyce alisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaniangalia.

"Mwalimu, wametafakari kwa pamoja?"

"Ni darasa lenye umoja," nikamjibu.

Siku ya mwisho ya kupakia ilikuwa Ijumaa, na picha tulikuwa hatujapiga. Kazi ya mwaka ilikuwa kigoda. Asubuhi ile wanafunzi walikuja wamepiga pasi, wengine na mashati ya kanisani, wasichana wamesuka upya. Vigoda vyao vilikuwa vimepangwa ukutani, na kwa kweli havikulingana na mashati. Isipokuwa kimoja. Kigoda cha Sesilia, binti wa Rusumo aliyelelewa na mama yake mdogo, kilikuwa kizuri kuliko chochote kilichowahi kutoka kwenye karakana ile, na nahesabu na vyangu. Viungo vyake vilikaa bila kuonekana. Ukikiweka sakafuni kilitua kimya.

Wa kwanza kupiga picha alikuwa Abeli, mtu mzima kidogo, mwenye mke na watoto, na kwenye orodha ndiye wa kwanza. Akakitazama kigoda chake, akanitazama mimi.

"Mwalimu, naomba nipige na kile cha Sesilia."

Sikufikiri hata nukta moja. Nilikwenda nikakichukua mwenyewe kutoka ukutani nikakiweka mbele yake. Kwani mgeni akija nyumbani kwako na vikombe vyako vimepasuka mpini, utamtilia chai humo? Utaazima. Na jirani ataazimisha bila kuulizwa, kesho ni zamu yake. Abeli akasimama wima kama anaapishwa, mkono juu ya kigoda, Joyce akapiga. Aliyefuata naye akaomba. Na aliyefuata. Joyce alifungua mdomo mara moja kusema kitu, nikamwambia muda unakwenda. Sesilia mwenyewe alisimama pembeni na kitambaa, akikipangusa kigoda kila mtu alipomaliza, akiwa na furaha ya mwenye nyumba ambaye vikombe vyake vimependeza. Alipiga picha yake mwisho, baada ya wote. Tukapakia kwa mpangilio uleule.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Mashine ya mradi ilikuwa imegundua kigoda kimoja katika mikoba thelathini na miwili. Kwa haki yake yote ikaamua kwamba mwenye kazi ni aliyeipakia kwanza, na waliobaki ni wezi. Abeli amechaguliwa. Wengine mikoba yao imefungwa kwa kosa la kunakili, na Sesilia, kwa kuwa alipakia wa mwisho kabisa, aliwekewa na alama nyekundu. Kulikuwa na siku saba za kukata rufaa.

Abeli alikuja kwangu kabla sijamaliza kusoma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Wamenichagua."

"Nimeona."

"Kwa kigoda cha Sesilia." Akakuna kichwa. "Sasa nikifika huko, wakaniambia nitengeneze kingine?"

Sesilia nilimkuta kwenye benchi anapiga randa ubao ambao tayari ulikuwa umenyooka. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, maana miaka yote ile nimebembeleza wengi. Aliniuliza tu, bila kusimamisha mkono: "Mwalimu, mimi niliwaazima. Kuazima watu ni kosa?" Nikamwambia si kosa. Kisha nikatoka nje nikakaa juu ya magogo, kwa sababu niliona haya, na haya ya mtu mzima haina pa kujificha katika karakana ya milango miwili.

Mkuu wetu wa chuo wakati ule, mtu mwema na mwepesi wa suluhu, alikuwa na jibu tayari. "Tuseme ni mtandao," akasema. "Tuseme picha zilichanganyikana wakati wa kupakia. Mtandao haujawahi kumkatalia mtu." Alikuwa amewapigia watu wa mradi na kuwapima. Tukidai hitilafu, wangefuta yote, chuo kingeshindana upya mwaka unaofuata, na hakuna jina la mtu ambalo lingeguswa. Akaongeza kwa upole, "Na wewe Mwalimu Evarist una miezi mitatu tu ustaafu. Toka na jalada safi."

Nilimpenda kwa kusema hivyo, na nakiri kwamba nililala na wazo lile likanipa usingizi mzuri. Asubuhi nikamweleza Sesilia, nikidhani namletea habari njema.

"Mwakani sitakuwepo, Mwalimu," akasema. "Mama mdogo alinipa mwaka huu mmoja. Nisipopata, narudi Rusumo kwenye kibanda chake cha supu. Tulikubaliana, na yeye ametimiza sehemu yake."

Basi hilo ndilo lililokuwepo: jalada langu safi, au mwaka wa Sesilia. Jopo lilitaka kwenye rufaa ushahidi wa hatua, yaani kazi za mwanzo zinazoonyesha mkono ule ulifikaje pale. Hatua! Nilikwenda kwenye daftari langu la semina nikalikuta neno limepigiwa mstari mara mbili. Picha hatukuwa nayo hata moja. Nikamuuliza Sesilia kazi zake za mwanzo ziliishia wapi, nikitegemea aseme jikoni kwa wapishi. Akasema alizipeleka nyumbani zote, madereva wanazikalia.

Jumatano tukateremka Rusumo, mimi, Joyce na Sesilia, kishikwambi kimefungwa kwenye kitenge. Malori yalikuwa yamepanga foleni toka forodhani, na kibanda cha mama mdogo, Adelina, kiko mahali ambapo dereva akichoka kusubiri karatasi zake anasikia harufu ya supu. Adelina alituona akafuta mikono, akatuamkia kwa lugha ya kwao.

"Mwaramutse. Karibu mwarimu. Usikae kwenye kigoda hicho, hicho kibaya. Ngoja nikuazimie kiti cha prastiki kwa jirani."

"Nimekuja kwa ajili ya hicho kibaya, mama."

"Hiki? Hiki cha madereva tu."

"Na dereva si mtu?" akauliza jamaa mnene aliyekuwa amekalia cha pembeni yake.

Adelina hakutaka kabisa. Nilimweleza kwamba kuna watu mbali wanataka kuona vigoda vya kwanza vya Sesilia, na akanitazama kwa huruma, kama mwalimu aliyeanza kuzeeka vibaya. Wageni wanataka kuona aibu ya mtoto? Si wapigiwe picha kile kizuri? Nikamwambia kile kizuri kimepigwa picha thelathini na mbili na ndicho kilichotuponza. Akasogea kutupisha. Joyce akawasha kishikwambi, Sesilia akachuchumaa mbele ya kigoda cha kwanza, na akaanza kusema.

"Hiki nilikata miguu bila guni. Mmoja ukawa mrefu, nikaupunguza. Kisha mwingine ukawa mrefu, nikaupunguza. Ndiyo maana kiko chini hivi."

"Mimi nilidhani ni cha mtoto," akasema dereva.

"Hiki cha pili tundu lilikuwa kubwa kuliko ulimi wa mguu unaoingia humo. Nikajaza gundi na unga wa mbao, nikaona nimeshinda."

"Sesi, usiwaambie yote," Adelina akamnong'oneza. "Watakukataa."

"Hicho cha pili kiliniangusha na chai mkononi," dereva akaendelea, sasa amegeuka shahidi na hakuna wa kumzuia. "Hicho cha tatu hakiangushi, kinatikisa. Unakaa kwa adabu. Hicho cha dirishani, safari iliyopita nilikisinzilia mpaka wakaniita jina forodhani."

Sesilia alieleza kwamba cha tatu alipima vizuri ila mbao ilikuwa mbichi ikanywea, na cha nne alisubiri mbao wiki sita huku akinichukia mimi niliyemkataza kuianza. Hilo la kunichukia sikulijua. Alizungumza muda mrefu, akigusa kila kiungo, na hakusema popote kwamba amejifunza mengi na ataendelea kujituma. Mimi nilisimama nyuma ya Joyce nikajua kwamba nimesikia tafakuri kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, na kwamba kwa chaki yangu mwenyewe nilikuwa nimemzuia msichana huyu kuiandika.

Tulipokuwa tunafunga, Adelina aliingia nyuma ya pazia akatoka na kitu kimekumbatiwa kwenye khanga. Kilikuwa kigoda, kama utakubali kukiita hivyo: miguu mitatu, kiti kimepasuka katikati na kufungwa kwa waya. Sesilia akafunika uso.

"Hiki ndicho cha kwanza kabisa," Adelina akasema. "Aliniambia nikichome. Nikamwambia nimekichoma." Akakiweka chini, akakishikilia kisianguke. "Kama ndivyo wanavyotaka, basi piga na hiki."

Usiku sikuandika kitu. Niliandika Alhamisi mchana, ofisini, mbele ya mkuu. Picha na sauti za Rusumo zilionyesha mkono wa Sesilia, lakini hazikujibu swali la jopo: kigoda chake kilifikaje kwenye mikoba ya wenzake. Hapo hapakuwa na njia ya kupita pembeni. Niliandika kwamba nilikitoa mimi mwenyewe ukutani, kwamba hakuna mwanafunzi aliyeiba, na kwamba tafakuri zote thelathini na mbili ni zangu. Mkuu alisoma akavua miwani.

"Mwalimu, nikiituma hii, sharti na mimi nikuandikie barua ya karipio."

"Najua."

"Na nitaandika kwa uchungu."

"Andika vizuri tu," nikasema. Sikuwa jasiri, ninyi vijana msije mkapotoshwa na sherehe ya kuniaga. Niliogopa karipio kuliko nilivyoogopa msumeno wa umeme.

Rufaa ilikubaliwa. Sesilia akaenda mwaka wake. Wengine walifunguliwa mikoba wakaambiwa wapige picha vigoda vyao wenyewe, wakafanya hivyo bila mashati ya kanisani. Abeli ndiye aliyeumia, nami sitaki mlisahau hilo. Alikuwa ameshaaga kijijini, mkewe ameshatangaza kanisani, na ilibidi arudi kuwasalimia watu waleule njiani kila siku. Hakuwahi kunilaumu. Alinisalimia shikamoo ileile, na kila nilipoitikia nilihisi nimeazima kitu nisichoweza kurudisha.

Miezi mitatu ikaisha. Wiki ya mwisho, ofisi iliagiza majalada ya wastaafu yaingizwe kwenye mfumo, na kazi hiyo akapewa Joyce. Alinikalisha pembeni yake tupitie karatasi moja moja. Barua ya ajira. Barua za uhamisho. Vyeti vya semina, kikiwemo cha ile yenye chai nzuri. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ungeisoma ukajua kama mtu huyu alijua kukata mbao. Kisha akafika kwenye karipio, kurasa mbili, na barua yangu imebanwa nyuma yake. Akaishika hewani.

"Mwalimu, kwenye mfumo hii inaingia sehemu ya hiari. Mkuu amesema tukiiacha nje hakuna atakayeuliza."

Niliisoma tena. Mkuu alikuwa ameandika vizuri kweli: nilichofanya, kwa nini hakikufaa, na nilichopaswa kufanya. Nikamwambia aipakie. Tukahamia penye mtandao, nikasimama nyuma yake mlangoni mwa stoo, juu ya maranda, mpaka ile duara ya kupakia kwenye skrini ikaacha kuzunguka.